Mlinzi wa Kisima cha Zurban

Garissa,
21 Mei 1995

Kwako Abti Nuh,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Banissa, wewe pamoja na ng'ombe na ngamia wote wa tarafa unaowadunga sindano. Mimi sijambo. Idd ilinikuta shuleni, lakini Mama alinitumia kopo la nyama ya nyirinyiri kutoka Hulugho, na bweni zima likalimaliza kabla sijapata kipande cha tatu. Ayeeyo, mama yako, anakusalimia. Anasema mwanawe hajakanyaga nyumbani mwaka wa tatu huu, na kama umesahau njia umwulize ngamia yeyote, maana wao hawasahau kwao.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka uliponipa zile dadu zako ulizokuja nazo kutoka masomoni ng'ambo, Poona, ukaniambia nisizipeleke shuleni? Nilizipeleka.

Kila Jumamosi baada ya kufua tunatandika mkeka nyuma ya bweni. Mimi ndiye msimulizi, kama ulivyokuwa wewe kila likizo niliyokuja kwako Banissa. Wenzangu ni watatu, na kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi: anasema mtu huyo anafanya nini, na penye shaka tunatupa ile dadu yenye pande ishirini. Zeinab ni mchuuzi mwongo anayeuza ngamia wagonjwa. Batula ni tabibu. Hinda ni msichana mwepesi wa mbio aitwaye Tufani. Nchi yetu ni Zurban. Hinda hutamka p zote kama b, kwa hiyo pango la wauaji kwake ni "bango la wauaji", na tunacheka hadi tunasahau kuogopa.

Wauaji hao niliwabuni mimi. Wanaitwa Wafumaji. Huokota mayatima na kuwalea, na mtu wanayetaka kumuua humwachia mlangoni kipande cha kamba ya kusuka. Niliwaweka wawe maadui. Lakini juzi Hinda alisimama akatangaza: "Tufani anajiunga nao!" Wakapiga vigelegele hata mpishi akatoka kutazama.

Kuna jambo sijawaambia. Mfumaji mpya hupewa amri moja ya kwanza: amuue aliyempenda kuliko wote, asibaki na nyumba ya kurudi. Tufani aliokotwa akiwa mchanga kando ya kisima, akalelewa na mlinzi wa kisima, Mzee Hared. Unaona amri itakuwa ipi. Niitoe? Nikiibadilisha kimyakimya, nitakuwa nimewadanganya rafiki zangu kuhusu watu waliojiunga nao. Nikiitoa, naogopa Hinda atatii. Wewe ungefanyaje?

Mpwa wako,
Fowsiya


Banissa,
10 Juni 1995

Kwako Abti Fowsiya,

Waalaykum salaam. Nami nakuita abti kama ilivyo desturi yetu, mjomba na mpwa kurudishiana jina moja, ingawa msichana anayepeleka dadu alikokatazwa angestahili jina jingine.

Mimi ni mzima. Mvua imekuwa ya kutosha, malisho yapo, na jana ngamia mmoja alinitemea usoni mbele ya chifu na wazee saba. Hapa zahanati tumeletewa muuguzi mpya, jina lake Nurto, kwao ni Wajir. Ameazima kamusi yangu. Hiyo si habari, nimeitaja tu usije ukaniuliza kamusi iko wapi.

Msalimie Ayeeyo. Mwambie kazi ni nyingi.

Kuhusu Wafumaji: waondoe. Wewe ndiye msimulizi, mvua ya Zurban iko mkononi mwako. Lete mafuriko yaingie katika pango lao Jumamosi hii, wafe wote kabla amri haijatoka, na Tufani aokolewe na gogo. Wasichana watapiga kelele za furaha, na wiki ijayo mtakuwa mnatafuta hazina. Usiwape wauaji nafasi mkekani. Mtu huanza kwa kuchungulia namna wanavyofanya, kisha anaona ni rahisi.

Soma vitabu vyako vya hesabu pia.

Abti yako,
Nuh


Garissa,
25 Juni 1995

Kwako Abti Nuh,

Assalamu alaykum. Sijambo, na nimepata alama sabini na moja katika hesabu, kwa hiyo hilo tumelimaliza. Mama ameandika kwamba mbuzi wamezaa vizuri na Ayeeyo anaumwa goti, ila ulimi wake hauumwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aandike hivyo. Huyo Nurto anatafuta neno gani katika kamusi, mwezi mzima?

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Mzee Hared alikufa Jumamosi iliyotangulia.

Ningesema ilichelewa, na ni kweli, lakini nisikufiche: hata ingefika mapema nisingeleta mafuriko. Hinda alichagua mwenyewe kujiunga nao. Kama kila akichagua vibaya nitamfungulia mto, basi hachagui kitu, mimi ndiye ninayecheza peke yangu na wao wananisikiliza tu.

Nilitoa amri. Hinda akacheka, akasema, "Ni mzee wa hadithi tu. Lete dadu." Akatupa. Kumi na tisa. Zeinab akaruka juu: "Kumi na tisa! Haijawahi kutokea!" Hata mimi nilipiga makofi, Abti. Nikasema haraka haraka, "Kisu kimeingia, mzee ameanguka, Tufani sasa ni Mfumaji kamili." Tukashangilia kama timu iliyofunga bao.

Batula hakushangilia. Alikunja karatasi ya tabibu wake mara nne, ikawa ndogo kama kidonge, akasema, "Mimi nimemaliza." Akaingia bwenini. Tangu siku hiyo hajaja mkekani. Chakula anakigusa tu. Jana nimesikia anataka kuomba ruhusa arudi kwao kabisa, na mwakani ndio mtihani wetu. Sababu ninaijua, alinieleza tukiwa wawili. Si yangu kuiandika.

Nimekuwa nikifikiri. Miaka sita umenisimulia hadithi za mchezo huu, likizo baada ya likizo. Tulipigana na majoka, na majini, na sultani aliyekula mawe. Hata siku moja hujaweka mtu anayemuua mtu mwenzake. Kwa nini? Sasa ningefaidika kujua.

Fowsiya


Banissa,
15 Julai 1995

Kwako Abti Fowsiya,

Salaam nyingi. Mimi mzima. Jua limeanza kuwa kali. Kamusi haijarudi.

Kuhusu rafiki yako: usimfuatefuate, wala usimwache peke yake. Kaa karibu, mle sahani moja.

Kuhusu mchezo, nakubali mafuriko yalikuwa ujanja wa mvivu. Nilikosea. Lakini nawe uliharakisha. Ulisema kisu kimeingia na mzee ameanguka, kana kwamba umeangusha kikombe. Mzee yule alikuwa na watu. Alikuwa na mkeka wake wa kuswalia, na mtu fulani alipaswa kuja kuukunja. Hadithi ikimfuata muuaji tu hadi pangoni kwake, itakuwa tamu siku zote. Itoe huko, ipeleke nyumbani kwa marehemu, ikae hapo. Usimwadhibu Hinda kwa dadu wala usimhubirie. Mwache aingie nyumba ile na akae.

Swali lako jingine liache.

Nuh


Garissa,
3 Agosti 1995

Kwako Abti Nuh,

Assalamu alaykum warahmatullah. Sisi wazima sote, alhamdulillahi. Kesho tunafunga shule, nitapanda gari la Hulugho, kwa hiyo barua yako ijayo ipeleke nyumbani. Keti kwanza, maana nilikaribia kufukuzwa shule.

Zeinab, katika hamu yake ya kumrudisha Batula mkekani, aliandika mpango wa kuwamaliza Wafumaji. Sasa kumbuka mkubwa wao, kwa kuwa anawafundisha watoto kuua, nilimpa cheo cha Mwalimu Mkuu. Zeinab akaacha karatasi ndani ya daftari la jiografia, akalikusanya lisahihishwe. Karatasi imeandikwa hivi: "Jumamosi. Kumuua Mwalimu Mkuu. Zeinab atampelekea maziwa. Batula anajua sumu. Hinda asimame mlangoni. Fowsiya ndiye anayejua kila kitu."

Tukaitwa ofisini wote wanne. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Kerubo, ni mwanamke wa kutoka Kisii, mrefu, hapandishi sauti kamwe, na hilo ndilo linalotisha. Karatasi ilikuwa mbele yake.

"Nitakufa Jumamosi," akasema. "Saa ngapi?"

Zeinab, badala ya kunyamaza, akajibu, "Saa kumi, Mwalimu. Tukishafua."

Nikajaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. "Si wewe, Mwalimu, ni Mwalimu Mkuu mwingine, huyo ana pango..." Hinda naye akadakia, "Ndiyo, bango, Mwalimu," na Bi. Kerubo akauliza bango gani tena, tumebandika wapi. Nilimwona anaivuta simu karibu. Nikajua sasa anaita polisi au anawaita wazazi, na sijui lipi ni afadhali.

Batula ndiye aliyetuokoa. Angeweza kusema yeye alishatoka, hahusiki. Badala yake alisema polepole, "Ni mchezo wa hadithi, Mwalimu. Ni mchezo mzuri. Mimi niliuacha kwa sababu ndani yake mzee aliuawa na wenzangu wakapiga makofi, na mwaka jana majambazi walimpiga risasi baba yangu akiendesha lori, upande wa Modogashe. Wao hawakukusudia. Hinda hakujua."

Hinda alikuwa ameweka mkono mdomoni. Bi. Kerubo akarudisha simu mahali pake, akasema, "Jumamosi nitakuja na kiti changu. Nataka kumwona huyo Mwalimu Mkuu mwenzangu."

Huko nje Hinda alitoa karatasi ya Tufani aichane. Batula akamshika mkono. "Ukiichana, mzee atakuwa amekufa na hakuna aliyemuua. Hata sisi nyumbani ni hivyo hivyo, hakuna aliyemuua. Usiichane. Mimi nitarudi, lakini si kwa yule tabibu. Nitakuwa binti wa Mzee Hared."

Jumamosi Bi. Kerubo alikuja kweli, na kiti, na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nilifanya ulivyoniambia. Nikasema: ni siku ya tatu, binti wa mlinzi wa kisima anakunja mkeka wa baba yake wa kuswalia. Tufani amesimama mlangoni, hana kisu.

Hinda akasema, "Nimekuja kutoa fidia. Ngamia mia, kama ilivyo sheria. Au uhai wangu. Chagua."

Nilimpa Batula dadu. Hakuipokea. Alisema, "Ngamia sitaki. Niambie alisema nini mwisho."

Hilo hatukuwa tumelitunga, Abti. Nilipolisimulia lile tukio niliharakisha, mzee hakusema lolote. Hinda akanitazama, nami nikatikisa kichwa: ni lako. Bi. Kerubo akaacha kuandika. Kisha Hinda akasema, "Alidhani nimerudi nyumbani. Alisema, 'Umekonda. Chakula chako nimekifunika.'"

Tulilia sote. Zeinab alilia kuliko sisi, na mtu wake ni mwongo wa sokoni. Batula alilia kwa sauti, naye tangu mwaka jana hakuna aliyemwona akitoa chozi. Hinda alimkumbatia, wakakaa hivyo hadi kengele ya chakula.

Halafu Batula akajifuta uso, akatoa hukumu: Tufani atalinda kisima maisha yake yote mahali pa yule aliyemuua, na yeyote anayewakimbia Wafumaji, akifika pale, apewe maji na asiulizwe kitu. Jioni hiyo Batula alikula sahani yake, akamalizia na yangu.

Habari za ruhusa ya kurudi kwao hazipo tena. Bi. Kerubo amesema tunaweza kuendelea muhula ujao, ila mipango yetu tuiandike "kwa namna ambayo haitamwua mtu kwa mshtuko."

Mpwa wako mwenye furaha,
Fowsiya


Banissa,
27 Agosti 1995

Kwako Abti Fowsiya,

Assalamu alaykum. Mimi mzima. Barua hii nampa dereva wa lori anayeshuka Garissa, atampa mtu wa Hulugho. Isome peke yako.

Nimesoma ya kwako mara nne. Swali lile la Batula lilinikosesha hata hamu ya chai, ndipo nikaona nikujibu lako.

Umesikia kwamba ulikuwa na abti mwingine, Jama, kaka yangu, na kwamba alikufa kijana. Hukuambiwa kwamba aliuawa, katika ugomvi wa zamu ya maji, mwaka 1979. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyemuua alikimbilia ng'ambo ya mpaka. Basi wanaume wa ukoo wetu wakanipa bunduki, wakanieleza njia ya kisima cha watu wa yule muuaji. Walisema, "Yeyote wa nyumba ile anatosha. Wewe ndiwe ndugu."

Nilikwenda. Nililala nyuma ya kichaka siku mbili. Siku ya pili akaja kijana wa rika langu, ndugu kabisa wa yule muuaji, wamefanana hata mwendo. Alikuwa amembeba mtoto mdogo mabegani. Akaanza kuwanywesha ngamia huku akiwaimbia, na kila akifika mahali fulani katika wimbo mtoto anampiga kichwani kwa viganja viwili, naye anajifanya ameumia. Nilikuwa nimeshamlenga. Nilisikiliza wimbo hadi ngamia wa mwisho aliposhiba. Wakaondoka. Nami nikaondoka.

Nyumbani nilisema sikuona mtu. Wazee baadaye walikaa, yakaisha kwa ngamia. Lakini kabla ya hapo, wiki ile ile, mama yangu aliuza ngamia wake wa maziwa akanipeleka shule Nairobi kwa mjomba wake, na kutoka Nairobi nikafika Poona. Wengine walidhani anataka msomi. Mimi nilijua. Alikuwa na mtoto aliyeuawa na mtoto aliyeshindwa, na huyu wa pili hakutaka kumwona mbele ya macho. Ndiyo sababu Hulugho naiendea kwa nadra, na nikienda sikai.

Hadi leo sijui kama ilikuwa huruma au woga. Na sababu ya kutokuwako muuaji katika hadithi zangu si kwamba nawachukia. Niliogopa kutupa dadu nikaona ingekuwaje.

Wewe uliingia mahali ambapo mimi niliziba, na ukawatoa wenzako salama. Kwa hiyo sasa msimulizi ni wewe kweli, si kwa zile dadu.

Nurto amerudisha kamusi. Amechukua atlasi.

Nuh


Garissa,
17 Septemba 1995

Kwako Abti Nuh,

Assalamu alaykum. Mama mzima, Ayeeyo mzima. Hinda, Zeinab na Batula wanakusalimia, na Batula anasema asante kwa ule mkeka wa kuswalia. Nilimwambia wazo lilikuwa lako.

Habari za Zurban ni nzuri mno. Tangu Tufani afungue kisima, watoto wa Wafumaji wanatoroka mmoja mmoja, kila Jumamosi wanafika watatu wanne, wana kiu na wanaogopa hata kuku. Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu wao alikuja kuwadai. Zeinab akamuuzia ngamia wa kurudi naye, na kila ngamia anayeuzwa na Zeinab ana kasoro: huyu hukaa chini akisikia amri. Mkubwa wa wauaji amekwama jangwani juu ya ngamia anayekaa, anampigia kelele, na kadiri anavyoamuru ndivyo anavyozidi kukaa. Bi. Kerubo alicheka mpaka akavua miwani.

Nimeanza na hayo kwa sababu lililobaki linanitia hofu. Nisamehe, Abti. Barua yako ilisomwa.

Haikuwa kusudi langu. Mtu aliyeileta aliingia nayo mbele ya Ayeeyo, akatangaza, "Ya Nuh, kutoka Banissa!" Unajua nyumbani barua ni ya wote. Ayeeyo akaniambia niketi nimfasirie. Nilianza kwa Kisomali, salamu, dereva wa lori, nikaruka pale uliposema niisome peke yangu, nikasoma juu ya Batula. Nikafika "Jama, kaka yangu". Nikaendelea kidogo nikidhani nitapata pa kukwepea. Nikafika kwenye bunduki, nikanyamaza.

Ayeeyo alikuwa akisuka kamba. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mbona umenyamaza? Amefika kisimani?"

Mama alitoka jikoni akasimama.

"Soma," akasema Ayeeyo. "Miaka kumi na sita namngoja afike kisimani."

Nikamsomea yote, hadi atlasi. Alisikiliza bila kunikatiza, na unajua lilivyo jambo geni kwake. Kisha akaniambia niandike maneno yake kama yalivyo, nisiyatengeneze. Haya hapa:

"Nuh. Ulirudi alfajiri ukalala. Niliichukua bunduki nikaunusa mdomo wake. Ilikuwa baridi, ilinuka mafuta tu. Nikaswali rakaa mbili palepale, na jina la yule kijana silijui, nikamwombea na yeye. Wale wanaume walisema wiki ijayo watakutuma tena na mtu wa kukusimamia. Nikamuuza ngamia, nikakupeleka mahali ambapo hawafiki. Mmoja walikuwa wameniulia. Wewe ulikuwa umejirudisha mwenyewe, ningekuachaje hapo wakuharibu? Unauliza ilikuwa huruma au woga. Mimi ni mama yako, sikuuliza. Njoo nyumbani. Nimezeeka na goti linauma. Na huyo anayeazima vitabu, asipewe kingine kabla sijamwona."

Mwisho wa maneno yake. Alinifanya nimsomee tena yote kuhakikisha sikupunguza.

Kama umenikasirikia, nikasirikie, lakini uende kwanza.

Fowsiya


Hulugho,
4 Novemba 1995

Kwako Abti Fowsiya,

Assalamu alaykum. Unaona nilipoandika hapo juu. Niliomba likizo ya wiki tatu, nikapewa mbili. Garissa nilipita, ila msafara wa magari uliosindikizwa na askari haukungoja hata mtu anunue maji, sembuse kubisha langoni kwa Bi. Kerubo. Usihuzunike, nina neno mwishoni.

Mama yako Maka ni mzima, amenenepa, usimwambie nimeandika. Nurto nilimtangulizia salamu za posa, amekubali, na kaka zake wa Wajir wamekubali pia baada ya kunihoji kama mwizi. Arusi ni Desemba ukiwa likizo. Ayeeyo ameshaanza kugombana na watu juu ya idadi ya mbuzi, na anafurahi sana.

Sasa kuhusu yeye. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilishuka garini mchana, nikamkuta ameketi nje ya nyumba, mguu ameunyoosha. Nikampa mkono, nikambusu kichwani, na maneno yote yakanipotea. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema nina harufu ya dizeli nikaoge. Nikaoga. Akanipa maziwa ya ngamia, kibuyu kizima, akasimamia hadi nikamaliza, mimi mtu wa miaka thelathini na tano.

Ndipo nikapata sauti. Nikamwambia, "Hooyo, mama yangu, ulijua siku zote hizo. Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Uliniuliza lini?"

Nilicheka, Fowsiya. Nilijaribu kujizuia nikashindwa, na yeye akaanza, na mama yako akatoka kutazama kuna nini akatukuta tunafuta machozi na hakuna anayeweza kumweleza. Baadaye Hooyo alinishika sikio kama mtoto, akaniomba nimwimbie ule wimbo wa yule kijana wa kisimani. Nilikuwa bado naujua wote. Nilimwimbia, naye akapiga makofi mahali ambapo mtoto alikuwa akipiga.

Nitarudi Garissa Ijumaa ya tarehe kumi, na nitalala hapo. Jumamosi saa kumi, mkishafua, nitakuwa langoni. Mwombe Bi. Kerubo ruhusa, na mwambie nakuja bila maziwa. Nipangieni nafasi mkekani: nataka kuwa mmoja wa wale watoto waliotoroka, yule aliyefika kisimani jana, ambaye bado hajajua kama anaruhusiwa kucheza.

Abti yako,
Nuh